Nyumba Iliyokatwa Wimboni

Habuba Ruqaiya aliimba nyumba kumi na tatu. Muzamili akatuma Koboko nyumba kumi na mbili. Hilo alilitambua Ijumaa saa mbili asubuhi, mswaki ungali mdomoni, na arusi ilikuwa siku hiyohiyo.

Muzamili ni fundi wa vioo mjini Arua. Ana miaka arobaini na miwili, mke aitwaye Hasifa, watoto watatu, na kibanda karibu na soko ambamo hukata vioo vya madirisha na vya fremu za picha. Mkono ukitikisika kidogo tu, kioo hupasuka kwa njia yake chenyewe, na kioo hakijui kusamehe. Watu humsifu kwa utulivu wake. Hawajui kwamba ule si utulivu. Ni hofu iliyofundishwa adabu.

Ujanani alipiga kinanda katika bendi ya arusi. Wenzake walipooa mmoja mmoja bendi ikafa, lakini nyimbo zikabaki kichwani mwake kama wageni waliokataa kuaga. Mwaka ule wa kufungiwa majumbani, kibanda kikiwa na kufuli, alianza kujirekodi kwa simu ndani ya kabati, kati ya magauni ya mkewe, maana alikuwa amesikia kwamba nguo humeza mwangwi. Watu walipopiga hodi, Hasifa aliwajibu bila kucheka, "Ngojeni kidogo, baba watoto yuko kabatini."

Kutoka kabatini akahamia chumba cha nyuma cha nyumba yao ya Awindiri. Akakusanya vitu, kimoja kwa msimu: kompyuta iliyochoshwa na mtu mwingine, kipaza sauti chenye wavu, kisanduku cha kuviunganisha, hedifoni. Ukutani akabandika trei za mayai, ambazo hazikuzuia sauti yoyote ila zilileta harufu ya kuku. Baadaye akazibandua, akapigilia magodoro. Dirisha akaliziba kwa blanketi mbili. Ndani mlikuwa na joto la kuivisha mkate.

Ajabu ni kwamba tangu ajifunze kurekodi hakupata tena kimya. Zamani alisikia muziki. Sasa alisikia kila kilichouzunguka. Alisikia friji ya jirani ikiguna, bati likitanuka kwa jua, mate kinywani mwa mwimbaji, mashabiki wa mpira wakirudi kutoka uwanja wa Onduparaka na filimbi zao, bado mbali, bado hawajafika hata njia panda. Lakini kwenye kompyuta kila sauti ilikuwa mstari wenye vilima na mabonde, na kwa kidole kimoja aliweza kung'oa kilima chochote asichokitaka. Akikosea, alibonyeza na kilima kikarudi mahali pake. Hilo ndilo lililomlevya. Kibandani hapakuwa na kurudi nyuma.

Jirani yake Adriko, mchomeleaji wa vyuma, aliisaidia studio hiyo kwa kutofanya kazi. Kila Muzamili alipotaka kurekodi, alimwomba azime msumeno wake.

"Fundi!" Adriko hupaza sauti juu ya ukuta. "Mimi iko na ruhusa ya kukata geti leo, ama studio yako bado nalala?"

"Nusu saa tu, ndugu yangu."

"Nusu saa yako iko na miguu mirefu."

Katika miaka minne alirekodi nyimbo zake sita, kaswida za watoto wa madrasa na tangazo la duka la baiskeli. Hakumpa mtu kitu chochote kabla ya kukisafisha mara kumi. Usiku alilala akiwaza kama kuna kelele iliyomponyoka.

Wiki ile ya arusi, Habuba Ruqaiya alishuka Arua kuonana na daktari wa kifua. Kwa Wanubi habuba ni bibi, na huyu alikuwa mdogo wa bibi yake Muzamili mzaa mama. Kwa miaka arobaini alikuwa ameongoza doluka pale Koboko, ngoma ya wanawake arusini: ngoma moja, viuno vilivyofungwa gurbaba, zile nguo za rangi, na nyimbo zinazobembeleza kwa mkono mmoja na kufinya kwa mwingine. Kikundi chake kina desturi. Kabla bibi arusi hajatolewa nje, huimbwa wimbo mrefu unaotaja nyumba za pande zote mbili, moja baada ya nyingine, na kila nyumba ikitajwa wanawake wake hujibu kwa vigelegele. Nyumba isiyotajwa imeambiwa irudi kwao. Wanawake wote wanalijua hilo. Wanaume hukaa ng'ambo ya ua wakila pilau, na wimbo huwafikia kama mvua inayonyesha juu ya bati la watu wengine.

Daktari alimkataza Habuba kuimba kwenye vumbi na umati. Lakini mjukuu wake alikuwa anaolewa Ijumaa.

"Basi nitaimba mara moja tu," alisema, "ndani ya hilo jiko lako la magodoro. Ijumaa spika zitaimba, mimi nitakaa nitazame."

Siku ya Jumanne, adhuhuri, Adriko akiwa amezima msumeno, Habuba alikaa kwenye kigoda mbele ya kipaza sauti. Hedifoni alizikataa, alisema hawezi kuimba na mikono ya mtu masikioni. Muzamili alikaa nyuma yake, macho kwenye mstari. Sauti ya kikongwe ilipanda, ikashuka, ikataja nyumba ya kwanza, ya pili, ya tano. Ilipofika baada ya nyumba ya nane, Habuba akakohoa. Akanyamaza sekunde sita, Muzamili alizihesabu. Kisha mstari ukatambaa chini kabisa, karibu ulale, kwa maneno machache yaliyosemwa zaidi kuliko kuimbwa, halafu sauti ikainuka tena na kwenda vizuri hadi mwisho.

"Turudie?" aliuliza.

"Hairudiwi," alisema Habuba, akijifuta jasho. "Hiyo ndiyo niliyonayo."

Kesho yake akarudi Koboko. Muzamili akakaa na wimbo siku nzima. Siku hizo alikuwa amezoea kusikiliza kwa macho: aliona kikohozi kama mlima, kimya kama shimo, na yale maneno ya chini kama uchafu wa mtu aliyepotea njia akaanza upya. Akakata vyote kwa pamoja, akaunganisha upande na upande hata yeye mwenyewe asiusikie mshono. Diski ya kompyuta ilikuwa imejaa, naye alikuwa na tabia ya kibandani, ya kutoacha vipande vilivyokatwa vikizagaa vikakata miguu ya watoto. Akaifuta rekodi ya kwanza. Alhamisi akautuma wimbo kwa Shafik, mwenye spika za arusi pale Koboko, na kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu akalala vizuri.

Ndipo simu ikalia asubuhi ya Ijumaa.

"Umeamkaje, Muzamili?" Sauti ya Habuba ilikuwa imebaki mkwaruzo.

"Salama, Habuba. Mbona sauti?"

"Imekwenda kutembea. Niambie, pale nilipokohoa pametokaje?"

"Pametoka safi kabisa! Kikohozi nimekitoa. Huwezi kujua kama kilikuwepo."

"Na kile kilichofuata kikohozi?"

"Sauti ilikuwa imeshuka, Habuba. Nilidhani umepotea kidogo, nikaona bora…"

"Muzamili. Umeitoa nyumba ya Yakubu?"

Povu la dawa ya meno lilimdondokea kifuani. Marehemu Yakubu alikuwa mume wa Medina, na Medina alikuwa mdogo wake Habuba, tumbo moja. Muzamili alijua kwamba dada wale wawili walikuwa hawasalimiani, ingawa nyumba zao zilitenganishwa na barabara tu. Chanzo hakuwahi kuulizia. Wanaume waliambiwa "mambo ya doluka," wakaridhika.

Sasa Habuba alimweleza, kwa pumzi fupifupi. Miaka kumi na moja iliyopita, kwenye arusi ya mtoto wa Medina mwenyewe, yeye Ruqaiya aliiruka nyumba ya Yakubu. Watu wakasema amesahau. "Sikusahau. Nilikuwa na hasira, na hasira yenyewe leo siikumbuki ilihusu nini." Medina alivua gurbaba mbele ya watu, akaenda zake. Yakubu akafa, wakazika wakiwa wamesimama mbalimbali. Na wiki hii Ruqaiya alikuwa ametuma mtu avuke barabara na kumwambia: njoo Ijumaa, kaa, usikie.

"Amesema atakuja," alisema Habuba. "Atakuja kusikiliza, mjukuu wangu. Mara ya kwanza walisema nimesahau. Mara ya pili watasemaje? Tena safari hii iko ndani ya mashine."

"Nitaangalia, Habuba. Labda iko mahali."

Alijua haiko mahali. Hata hivyo alikimbilia chumba cha nyuma. Umeme ulikuwa umekatika tangu alfajiri. Betri ya kompyuta ilikuwa na theluthi moja. Akafungua kila folda, kila pipa la taka. Hasifa akaja mlangoni, akamtazama, akakumbuka kitu.

"Si nilimpiga Habuba video siku ile?"

Muzamili aliinyakua simu. Kweli, Habuba alikuwa pale, mgongo wake, kigoda, godoro ukutani. Nyumba ya kwanza. Ya pili. Ya tatu. Kisha picha ikageuka na kuonyesha sakafu, ikaisha.

"Sufuria ilikuwa inaungua," alisema Hasifa kwa sauti ndogo.

Akampigia Shafik. Angalau wimbo usipigwe.

"Wimbo iko moto, mzee!" Shafik alipiga kelele kabla ya salamu. "Tangu jana mimi natumia watu. Mutu ya Yei iko nayo, mutu ya Kampala iko nayo. Bibi arusi mwenyewe ameweka kwa simu yake!"

"Habuba Medina ameusikia?"

"Yule mama? Yeye iko na simu ya tochi tu. Atasikia leo."

Muzamili alikata simu, akakaa sakafuni. Saa nne kasoro. Wimbo wa wanawake ungepigwa baada ya alasiri. Kisha wazo likamjia, nalo lilimjia kama wazo la wizi linavyomjia mtu mwaminifu, kwa upole. Ndani ya wimbo mlikuwa na neno "nyumba" mara kumi na mbili. Mlikuwa na nyumba ya Yasini, yenye "ya". Mlikuwa na nyumba ya Abubakari, yenye "bu", na "ka" iliyokaribia kuwa "ku" ukiikunja. Akakata silabi, akazipanga, akazilainisha. Betri ilikuwa ikishuka. Baada ya saa nzima, sauti ya Habuba Ruqaiya ilisema ndani ya hedifoni, nyumba ya Yakubu.

Akairudia. Ilikuwa kama sauti ya mtu anayesema kutoka ndani ya pipa; lakini kwenye spika za Shafik, katikati ya ngoma na vumbi, nani angejua? Akairudia tena. Bikizee alikuwa amekohoa, akanyamaza sekunde sita, akaivuta nyumba ile kutoka chini ya miaka kumi na moja. Na hii je? Hii ilikuwa imetoka kwa Yasini na Abubakari. Medina angeipigia kigelegele sauti ambayo dada yake hakuitoa, na Habuba angekaa pale akijua, na yeye Muzamili angejua, mpaka kufa kwao wote.

Akaifuta kabla betri haijaizima kompyuta. Akafunga kipaza sauti kwa kanga ya Hasifa, akakiweka kwenye mkoba, akawasha pikipiki.

Barabara ya Koboko ni nzuri, lami tupu, na hilo ndilo lililomwumiza. Alitamani mashimo yamcheleweshe. Mjini Maracha alisimama kujaza mafuta, mwenye kituo akamwambia, "Leo iko arusi kubwa huko juu, hata wimbo nimetumiwa," akamchezea kipande chake kwenye simu. Muzamili alilipa akaondoka bila kungoja chenji.

Alimkuta Habuba chumbani, amevishwa, amepakwa hina, mikono mapajani. Nje, wanaume walikuwa wamerudi kutoka msikitini na nikaha ilikuwa imefungwa.

"Umeipata?"

"Sikuipata, Habuba. Niliifuta. Nikajaribu kuitengeneza kwa vipande vya nyingine, nikaona ni uongo, nikafuta na huo."

Habuba alimtazama muda mrefu. Alikuwa na macho yenye ukungu, lakini Muzamili alijisikia kama kioo kilichoinuliwa kwenye jua kutafutwa ufa.

"Kwa nini uliikata lakini?"

"Sauti ilikuwa chini. Nilidhani umechoka."

"Sikuwa nimechoka," alisema Habuba. "Nilikuwa naogopa."

Muzamili akaufungua mkoba, akamwonyesha kipaza sauti. "Hiki hakihitaji nguvu, Habuba. Hata mnong'ono kinaubeba, ukiwekwa karibu. Shafik ataukatisha wimbo pale pale, wewe useme. Uendelee baadaye."

"Mbele ya watu wote?"

"Mbele ya watu wote."

Bikizee akafumba macho. "Afadhali ungeniacha nifie kwenye lile jiko lako."

Baada ya alasiri, wanawake walijaza uwanja. Muzamili aliinama kando ya kiti cha Habuba akiwa ameshika kipaza sauti, mwanamume pekee ndani ya duara, na walimwona.

"Huyu naye amekuja kuolewa?"

"Mfungeni gurbaba, acheze!"

"Mwacheni, ni fundi vioo, amekuja kujitazama!"

Medina alikuwa amekuja. Alikaa nyuma kabisa, karibu na ua, kwenye kiti cha plastiki, mkoba mapajani, kama mtu asiyejua kama atakaa. Wimbo ukaanza. Nyumba ya kwanza ikatajwa, vigelegele vikajibu kutoka kulia. Ya pili, kutoka mlangoni. Muzamili alikuwa akihesabu kwa vidole vya mguu ndani ya kiatu. Baada ya nyumba ya nane akainua mkono. Nje ya ua, Shafik akasimamisha.

Kimya kikaanguka kama sahani.

"Umeme!" mtu alisema. "Hata leo?"

Muzamili aliweka kipaza sauti karibu na midomo ya Habuba, pembeni kidogo, kama alivyojifundisha. Mkono wa bikizee ulimshika kifundo cha mkono.

"Nyumba ya Yakubu," alinong'ona Habuba, na spika zikaubeba mnong'ono huo mpaka barabarani. "Nyumba ya Yakubu na Medina, binti wa mama yangu."

Hakuna aliyejibu. Vichwa viligeuka kutazama nyuma. Moja, mbili, tatu, Muzamili alihesabu, nne, tano. Medina alisimama. Akaweka mkoba begani. Watu walimpisha wakidhani anaondoka, naye alipita katikati yao polepole hadi mbele ya dada yake.

"Ruqaiya. Miaka kumi na moja, halafu unaninong'oneza?"

Mahali fulani mwanamke mmoja alicheka, akajiziba mdomo.

"Sauti imekwisha, Medina."

"Imekwisha! Ulipokuwa nayo ulimpa nani?"

Habuba aliinamia hina ya viganja vyake.

"Rudia," alisema Medina.

Akarudia. Mnong'ono wa pili ulikuwa mwembamba kuliko wa kwanza.

"Rudia."

Safari hii maneno hayakutoka. Kilichotoka kwenye spika kilikuwa pumzi tu, pumzi kubwa ya kifua kibovu, ikapita juu ya uwanja wote. Medina aliisikiliza mpaka ikaisha. Kisha akafungua kinywa, akapiga kigelegele kimoja, kikavu, cha mtu ambaye hajapiga kwa muda mrefu. Kikakatika katikati, akakianza upya. Ndipo wengine wakakidaka.

Hakumkumbatia dada yake. Alirudi nyuma, akakishika kile kiti cha plastiki, akakivuta mbele hatua nne tano, akaketi tena, mkoba mapajani.

"Na wewe mwanamume," mama mmoja alimwambia Muzamili, "bado uko hapa unangoja nini? Toka!"

Akatoka. Shafik alikuwa akimngoja kwenye mashine, kidole juu ya kitufe.

"Naweka?"

"Weka."

Wimbo ukaendelea na nyumba iliyofuata. Shafik alijikuna kidevu. "Lakini mzee, wale watu wote natumia jana, iko na ile ya nyumba kumi na mbili. Sasa tunawaambia nini?"

Muzamili aliegemea ukuta. Alifikiria simu zote zile, Yei, Kampala, kituo cha mafuta cha Maracha, na Medina akipita siku moja mbele ya duka fulani na kusikia nyumba yake ikirukwa. Akatoa simu, akaomba aingizwe kwenye makundi yote ambamo wimbo ulikuwa umepita, akaandika: "Mimi ni Muzamili, fundi vioo wa Arua. Habuba Ruqaiya aliiimba nyumba ya Yakubu. Niliyeikata ni mimi."

Akatuma, kisha akakaa pale ukutani akingoja nani atakuwa wa kwanza kumtukana.